SOMO LA WIKI: Nafasi katika jina la faili yaweza kufuta hesabu

Mfanyabiashara anayeweka bei zake katika kompyuta hulipatia faili jina kama anavyoandika barua: Bei za Juni.csv. Katika Windows jina hilo halina matata. Matata huanza faili linapohamia kwenye mashine ya mfumo mwingine, au linaposhikwa na programu inayofanya kazi yenyewe usiku.

Zamani jambo hili halikusumbua. MS-DOS iliruhusu herufi 8, nukta, na nyingine 3 tu, na majina yalibanwa yakawa kama namba za magari. Windows 95, iliyotoka Agosti 1995, ndiyo iliyowazoesha watu wengi majina marefu yenye nafasi.

Linux na mifumo mingine yenye asili ya Unix nayo hukubali nafasi. Lakini kwenye mstari wa amri, nafasi ndiyo inayotenga neno na neno. Karani akiandika rm Bei za Juni.csv, kompyuta inasoma mafaili matatu: Bei, za, na Juni.csv. Likiwapo faili jingine liitwalo Juni.csv, hilo ndilo litakalofutwa, na lililokusudiwa litabaki. Dawa ni kulifunga jina lote ndani ya alama za kunukuu, "Bei za Juni.csv", au kuweka mkwaju wa kinyume (\) kabla ya kila nafasi. Katika Windows alama za kunukuu zinafaa vilevile, ila mkwaju huo hutenganisha folda.

Hata wakubwa wameumia. Novemba 2001 Apple ilitoa iTunes 2 kwa Mac OS X. Programu ya kuisimika ilikuwa na amri ya kufuta nakala ya zamani, bila alama za kunukuu. Baadhi ya wateja waliokuwa na diski zenye nafasi katika majina walipoteza mafaili yao. Kampuni iliiondoa haraka na kuleta toleo 2.0.1.

Ofisi zenye uzoefu hutumia vistari: bei_2024-06.csv. Mwaka ukitangulia mwezi, mafaili hujipanga yenyewe kwa tarehe. Herufi ndogo ni salama zaidi, kwani Linux huona Bei.csv na bei.csv kuwa mafaili mawili. Windows kwa kawaida huona moja.

Mwenye mamia ya mafaili ya zamani aweke nakala pembeni kwanza. Jedwali lililounganishwa na jina la zamani halitalitambua jipya.