Bima ya Afya na Tiba ya Nafsi: Jawabu kwa Karani wa Mombasa

SWALI: Bwana Tabibu, mimi ni karani katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Mombasa, mwanamke wa makamo. Tangu nilipotoka edani mwaka jana sipati usingizi, chakula hakinishuki, na kazini huandika tarakimu nikazifuta nikaziandika tena. Daktari amenipima damu, sukari na presha, akasema mwili hauna neno, nimtafute mtaalamu wa kuzungumza naye. Ada ya mtaalamu huyo kwa kikao kimoja ni kubwa kwa mshahara wangu. Kampuni imetupa kadi ya bima ya afya. Je, kadi hiyo yalipia tiba ya namna hii? Na ikilipia, bosi wangu atajua? Nina binti chuoni ambaye naye amekuwa kimya kupita kiasi. Aweza kutumia kadi hiyo hiyo? Ni mimi, Mja wa Mungu, Likoni.

JAWABU: Pokea pole zangu, Bibi, kwa msiba uliokufika, na ingawa pole ya gazetini huja ikiwa imechelewa, naamini haitamkera mtu ambaye waliomjia matangani wamekwisha kurejea makwao na wameacha kumuuliza hali. Sitathubutu kukwambia kwa barua una maradhi gani, maana tabibu anayemwagua mtu asiyemwona hana tofauti na mpiga ramli. Lakini mambo matatu uliyoyataja, yaani usingizi kupotea, chakula kutoshuka, na akili kukataa kutulia juu ya kazi uliyoizoea, yakidumu zaidi ya majuma 2 mfululizo humpasa daktari mwangalifu aulize kama huzuni ya mfiwa haijageuka kuwa sonona, ambayo ni maradhi kama mengine, yenye jina, yenye dalili zinazojulikana, na yenye dawa. Dawa yenyewe aghalabu ni ya namna mbili: vidonge, na ile tiba ya mazungumzo uliyoelekezwa, ambamo mgonjwa hukaa na mwanasaikolojia au mshauri nasaha kwa muda wa karibu saa moja, mara moja kwa juma, wakaichambua kwa utaratibu maalumu fikra inayomtesa na mwenendo unaoilisha fikra hiyo. Kwa sonona isiyo kali, tiba hii peke yake yaweza kumponya mtu, mradi aifuate mpaka mwisho, nao mwisho huo kwa kawaida huwa vikao 12 hata 20. Kikao kimoja mtu hukilipa kwa kujinyima. Vikao 12 ni shughuli nyingine, na ndiyo maana swali lako la bima si dogo.

Nianze na sheria, kwa sababu watu wengi, na hata baadhi ya mawakala wa bima, huzungumza kana kwamba kuyalipia maradhi ya akili ni hisani ya kampuni. Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya ya mwaka 1989 ilitamka kwamba kila mtu nchini ana haki, akitaka, ya kupata bima ya kumtibu maradhi ya akili, na kwamba kampuni itakayoandika mkataba wa matibabu unaoyatenga au kuyawekea mipaka maradhi hayo imetenda kosa. Marekebisho ya mwaka 2022 yalibadilisha mengi katika sheria ile, lakini haki hii ilibaki: mwenye maradhi ya akili anastahiki bima, iwe ya serikali au ya watu binafsi, wala haijuzu kumbagua. Kwa hiyo mtunga sheria amekuwa upande wako kwa zaidi ya miaka 30. Kilichokosekana ni sauti ya kuisoma sheria hiyo mbele ya dirisha la hospitali.

Wala si ajabu kwamba vitendo vimechelewa. Hospitali ya Mathari kule Nairobi, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa kimbilio kuu la maradhi haya nchini, ilianza kama mahali pa kuwatenga wagonjwa wa ndui, na mwaka 1910 ikafanywa nyumba ya kuwaweka waliorukwa na akili. Na jamii iliyofunzwa tangu siku hizo kwamba mgonjwa wa akili ni wa kuwekwa mbali na watu haiwezi kugeuka kwa siku chache ikamwona kuwa ni mteja wa bima. Jopo lililoongozwa na Daktari Frank Njenga, lililotoa taarifa yake mwaka 2020, lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya taifa. Makampuni ya bima yameisikia kauli hiyo, nakiri, lakini yameisikia kwa sikio la mfanyabiashara.

Sasa kadi yako. Kadi yenyewe haisemi neno. Kinachosema ni kijitabu cha masharti ambacho mwajiri alipewa na ambacho aghalabu hulala katika kabati la ofisi ya utumishi bila ya kufunguliwa. Una haki ya kukiomba, na huna haja ya kutaja sababu, kwani mwenzako aombaye kujua kama miwani inalipiwa haulizwi ana macho ya namna gani. Kwa kuwa huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, kisome taratibu, ukatazame panapotajwa maradhi ya akili, saikolojia na ushauri nasaha, na kama hukuelewa mpigie simu wakala wa bima mwenyewe badala ya kumuuliza jirani wa meza. Yamkini utakuta tiba hiyo inalipiwa ndani ya fungu la wagonjwa wa nje. Au kwamba imetengewa fungu lake dogo lisiloweza kuvukwa. Au kwamba hulipiwa pale tu mtu anapolazwa, jambo ambalo kwa maradhi kama yako halina maana yoyote, maana huhitaji kitanda bali mtu wa kukusikiliza kwa elimu. Hilo fungu dogo, ambalo mara nyingi huwa limekwisha kabla vikao havijafika nusu, kwa rai yangu ni kuyawekea maradhi mipaka kwa mlango wa nyuma, na ningependa sana kuona siku moja hakimu akiulizwa kama halikhalifu makusudio ya sheria.

Jambo ambalo wengi hawalijui, na ambalo huwapotezea madai yao, ni kwamba bima hailipii huzuni, hulipia maradhi. Kufiwa, kugombana na mume, kuchoka na kazi, yote haya ni dhiki za kweli, lakini katika hesabu za bima si ugonjwa, na fomu iliyoandikwa kwamba mgonjwa "ana mawazo mengi" hurudishwa bila ya kulipwa. Kwa hiyo usiende moja kwa moja kwa mshauri nasaha ukitaraji kadi itafanya kazi. Rudi kwanza kwa daktari aliyekupima, umweleze yote, pamoja na yale ya usiku unayoona haya kuyasema, ili akiridhika kwamba ni sonona au maradhi ya wasiwasi aandike hivyo kwa jina lake la kitabibu katika barua ya rufaa. Kwani makampuni mengi hudai barua hiyo, kisha hudai idhini yao kabla ya kikao cha kwanza, na idhini yenyewe huitoa kwa mafungu, vikao vichache kwanza, halafu vingine baada ya mtaalamu kueleza maendeleo. Uliza pia ni nani hasa wanayemkubali. Daktari wa maradhi ya akili ndiye pekee kati ya wataalamu hawa aliyesomea udaktari na awezaye kuandika vidonge. Mwanasaikolojia na mshauri nasaha husajiliwa chini ya sheria yao ya mwaka 2014, na asiyekuwa na usajili huo, hata akiwa na maneno matamu namna gani, bima haitamlipa wala mimi sikushauri umlipe.

Usisahau kwamba una bima mbili. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, ilipoanza kazi Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo watu wote huiita SHA, mshahara wako hukatwa asilimia 2.75 kila mwezi upende usipende, na huduma za afya ya akili zimetajwa miongoni mwa stahiki za mfuko wake. Hakikisha umesajiliwa na binti yako ameandikwa chini yako. Hapo Mombasa waweza kuanzia hospitali ya Port Reitz, yenye kitengo cha maradhi ya akili. Foleni ni ndefu kuliko ya hospitali za binafsi, na faragha ya ukumbini si kubwa, lakini wataalamu wake wameyaona mengi.

Nafika kwenye swali lako la pili, ambalo nadhani ndilo lililokufanya uandike kwa jina la kubuni. Sitakudanganya kwamba hakuna anayejua. Fomu ya madai hubeba alama ya ugonjwa, kwa mfano F32 kwa sonona, na watu wa bima huisoma, kwani bila ya hiyo hawalipi. Lakini baina ya kampuni ya bima na mwajiri wako kuna ukuta wa sheria: Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huzihesabu habari za afya kuwa ni habari nyeti zisizotolewa ovyo, na anachostahili kupewa mwajiri ni jumla ya fedha zilizotumika, si jina lako na ugonjwa wako. Na ikiwa habari itamfikia kwa njia yoyote, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamkataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu kadhaa, na hali ya akili imetajwa humo kwa jina lake. Kwa niliyoyaona katika miaka ya kazi yangu, siri hizi mara chache huvuja kutoka kwa kampuni ya bima. Huvuja kwa karani wa utumishi aliyeombwa apige simu kufuatilia idhini iliyochelewa, au kwa mwenye kadi mwenyewe aliyemsimulia rafiki mmoja kwenye chai. Fuatilia idhini yako kwa simu yako, na ukihitaji ruhusa ya saa mbili kila juma, omba ruhusa ya kumwona daktari, maana ndivyo ilivyo, wala usiongeze neno.

Kuna wanaonishauri niwaambie watu wa namna yako walipe vikao kwa fedha taslimu ili jina lao lisiingie daftarini. Kwa mwenye uwezo, sina ugomvi naye. Lakini mtu asiyekuwa na uwezo akiifuata hoja hiyo huishia kutotibiwa kabisa, na miaka miwili ya kukesha humwondolea mtu kazi yake upesi kuliko alama yoyote iliyoandikwa kwenye fomu. Jambo moja tu nakuhadharisha: siku utakapotaka kujikatia bima yako mwenyewe, fomu itauliza kama umewahi kuugua maradhi ya akili, na shurti ujibu kweli, kwani jibu la uongo huwapa kisingizio cha kuubatilisha mkataba mzima siku utakapokuwa na haja nao kuliko siku zote.

Najua pia, kwa kuwa nami ni mtu wa pwani, kwamba kabla ya kuniandikia umekwisha kunywa kombe na kusomewa, na yamkini umeambiwa kwamba kwenda kwa mtaalamu ni upungufu wa imani. Dua yako endelea nayo. Hakuna mwanasaikolojia mwenye akili atakayekuzuia, na wako masheikh wanaowaelekeza wagonjwa hospitali kwa mikono yao wenyewe. Ila usiache tiba ikiwa katikati kwa sababu mtu amekuhakikishia kwamba ni jicho.

Watu wa bima wakikukatalia, usirudi nyumbani na jawabu la mdomo. Taka kukataliwa kwa maandishi, na kifungu cha mkataba walichokitegemea kitajwe. Mara nyingi ombi hilo peke yake humfanya afisa alisome faili kwa mara ya pili. Yasipotengenea, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, na ikiwa shida ni ya kukataliwa na SHA, mlalamikie afisa wao aliye hospitalini kabla ya kuondoka. Na kama zitakujia fikra za kutaka kufa, hapo usingoje idhini ya mtu: nenda hospitali iliyo karibu, usiku au mchana, umwambie mtu mmoja unayemwamini akusindikize. Usizuiliwe na hofu ya polisi, kwani mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu kinapingana na Katiba.

Kuhusu binti yako, mikataba mingi ya kazini humhesabu mtoto kuwa tegemezi hata akivuka miaka 18, mradi alete barua ya chuo kila mwaka, na ukomo wake huwa karibu na miaka 25. Ulizia wa kwenu. Ulizia pia kama fungu la fedha ni la kila mmoja au ni la familia nzima, ili vikao vyako visije vikamaliza vyake. Tena jua kwamba kila anapoitumia kadi, kampuni ya bima huenda ikakutumia wewe ujumbe wa simu wenye jina la hospitali na kiasi kilichokatwa. Zungumza naye kabla hajaanza, umwambie ujumbe huo utakuja na kwamba hutamuuliza lolote juu yake. Maana nimewaona vijana walioacha tiba baada ya kikao cha pili kwa sababu tu mama alipiga simu jioni ile ile kuuliza walikwenda kufanya nini.