UNAMTUMIA MTEJA WA KIGOMA VIFAA VYA UVUVI? MUULIZE MAJI KWANZA

Leo naongea na wenzangu tunaouza mishipi, ndoano na taa mtandaoni. Duka langu lipo Kilindoni, Mafia, lakini statasi haina mipaka, wateja wananipata mpaka Kigoma. Sasa mzigo ukitoka hapa unapanda boti hadi Nyamisati, gari hadi Dar, halafu ndiyo uanze safari ya bara. Ukirudishwa, faida yote imeliwa na nauli. Ndiyo maana sipokei hela kabla sijauliza maswali.

Kuna kijana wa Ujiji, kaacha bodaboda anaanza uvuvi, aliniandikia anataka mshipi wa mita 1,000. "Dada, ziwa letu lina kina balaa." Kweli, Tanganyika ina kina cha mita 1,470 hivi, duniani linazidiwa na Baikal ya Urusi tu. Lakini maji yake ya chini hayachanganyiki na ya juu. Ukipita mita 200 hivi oksijeni hakuna, na kaskazini, uliko Kigoma, inaisha mapema zaidi. Dagaa, migebuka, kuhe, wote wako huku juu. Nikamwambia chukua mita 200, hata ukikatika una akiba. Mauzo yalipungua siku ile, ila tangu hapo hanunui kwingine.

Halafu maji yenyewe ni maangavu, samaki anaona. Mshipi mnene tunaowauzia wavuvi wa huku anaushtukia, mpe mwembamba. Ndoano nayo: huku chumvi inakula chuma, tunalipia zaidi zisizoshika kutu. Maji baridi hayana ukali huo, za kawaida zinamtosha. Usimbebeshe bei ya bahari mtu wa ziwani jamani.

Kwenye taa ndiyo kuna hela, na hapa angalia mwezi. Sisi pwani tunauhesabu kujua bamvua na maji mafu. Wenzetu wanahesabu giza, kwa sababu dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa haiwavuti vizuri, wengi wanapumzika. Basi mimi natangaza taa mwezi ukiwa mkubwa. Mvuvi yuko nyumbani na simu mkononi, na mzigo unamfikia giza linapoingia. Ukitangaza gizani yuko majini, akirudi amelala.

Tahadhari moja kubwa kwa wenye mtaji wa mkopo. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi mitatu! Hebu fikiria katoni za taa zimejaa stoo na rejesho linakuja kila wiki. Mimi kuanzia Machi nawapigia wateja wa kule kuuliza kama kuna tangazo, ndipo naagiza.

Wenye wateja wa Mtera na Nyumba ya Mungu, huko ndoano namba ngapi zinatoka sana? Niandikieni hapo chini, nataka kuagiza wiki ijayo.