SIKIO LA MTOTO NI AMANA

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mpaji wa afya na Mponya wa maradhi. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Amma baadu.

Ndugu zetu Waislamu, somo letu la safari hii ni juu ya ugonjwa ambao wengi wetu twauona kuwa mdogo, nao ni sikio la mtoto linalouma na kutoka usaha, likapona, kisha likarudi tena na tena. Ni nadra kupata nyumba yenye watoto isiyoujua. Na kila ukirudi, kila mtu huja na dawa yake: huyu asema tia mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, yule asema kamua kitunguu thaumu, wa tatu asema tia maziwa ya mama, wa nne aleta mafuta ya habasoda, na wa tano asema mtoto akaandikiwe kombe. Baba huwasikiliza wote, na sikio likatiwa vyote. Basi twataka kueleza ni lipi katika hayo lisilo na ubaya, ni lipi lenye kudhuru, na ni lipi lililo wajibu wa baba.

Madhara ya kupuuza

Mtoto wa miaka mitano au sita hupelekwa chuoni. Maalim asoma, wenziwe waitikia, yeye yuko kimya au aitikia kombo. Huambiwa ni mkaidi, hupigwa, na mwisho huitwa mjinga. Kumbe hakusikia. Kwani maumivu ya sikio yakisha, maji huweza kubaki ndani nyuma ya kiwambo chake kwa majuma au miezi, na mtoto huyo husikia kama mtu aliyezibwa masikio kwa pamba. Na usaha ukidumu, kiwambo hubaki na tundu, na usikivu hupungua zaidi. Mtoto asiyesikia vema huchelewa kusema, na makhraji ya herufi hayamkai ulimini. Je, ni haki kumpiga mtoto kwa dhambi ya sikio ambalo sisi ndio tuliolipuuza?

Asili ya ugonjwa

Nyuma ya kiwambo cha sikio pana chumba kidogo, na kutoka chumba hicho pana kijia kiendacho mpaka nyuma ya pua. Kwa mtu mzima kijia hicho ni kirefu nacho kimeinama. Kwa mtoto ni kifupi nacho kimelala, kwa hivyo huziba upesi. Mtoto akipata mafua, kijia huvimba na kuziba, maji hukusanyika chumbani, na vijidudu huzaa humo. Kiwambo husukumwa, na hayo ndiyo maumivu yamlizayo mtoto usiku. Wakati mwingine kiwambo hupasuka, usaha ukatoka, na maumivu yakatulia.

Basi fahamu vema jambo hili, kwani ndilo ufunguo wa somo zima: watoto walio wengi hupata nafuu wenyewe katika muda wa siku 2 au 3, hata wasipotiwa chochote. Kwa sababu hii kila dawa huonekana imefaulu. Aliyetia thaumu husifu thaumu, aliyetia maziwa husifu maziwa, na kumbe aliyeponya ni Mwenyezi Mungu kwa maumbile aliyomwekea mtoto. Dawa imesifiwa kwa kazi isiyoifanya. Na siku ugonjwa ukiwa mkali, baba huirudia dawa ile ile huku wakati wa tiba ukimpita.

Hukumu ya kutafuta dawa

Mtume wetu (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu, akatufahamisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa yake, isipokuwa uzee. Basi kutafuta dawa hakupingani na kumtegemea Mungu. Lakini sharia haikuacha mlango huu wazi kwa kila mtu. Imepokewa kuwa mwenye kumtibu mtu, naye hajulikani kuwa na elimu ya utabibu, basi yeye ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Na imepokewa khabari ya mtu aliyejeruhiwa kichwa safarini kisha akapatwa na janaba. Wenziwe wakamwambia hana ruhusa ya kutayamamu, akaoga, akafa. Mtume akawalaumu kwa ukali, na akabainisha kuwa dawa ya kutojua ni kuuliza.

Na iko hadithi iliyo karibu zaidi na mas'ala yetu. Wanawake wa zama zile walikuwa wakiwabonyeza watoto koo kwa kidole ili kutibu uvimbe wa koo. Mtume aliwakataza kuwatesa watoto hivyo, akawaelekeza kwenye udi wa Kihindi. Mafunzo tuyapatayo hapa ni kuwa tiba yenye kumuumiza mtoto haifai madamu iko njia iliyo laini. Basi wawaonaje wale wanaomkata mtoto kimio kwa wembe, akavuja damu, na pengine akapatwa na pepopunda?

Dawa moja moja

Kwanza, mafuta, thaumu, habasoda na maziwa ya mama. Ikiwa kiwambo ni kizima, vitu hivi havipiti kuingia chumba cha ndani mlimo na ugonjwa. Na ikiwa kimepasuka, hupita na kuingiza uchafu palipokuwa na kidonda. Kwa hivyo ama havifai kitu ama vyadhuru. Na baba nyumbani hawezi kukiona kiwambo ili ajue ni kizima au kimepasuka. Mafuta ya moto huunguza, na thaumu mbichi huchoma ngozi ya mtoto.

Pili, asali. Mwenyezi Mungu ametaja kuwa mna shifaa kwa watu, nasi twaamini hivyo. Lakini hakuamrisha itiwe masikioni. Na mtoto aliye chini ya mwaka 1 asinyweshwe, kwani yaweza kumletea sumu ya kulegeza viungo.

Tatu, mshumaa wa sikio, ambao huwashwa ukisimamishwa sikioni kwa madai kuwa wavuta uchafu. Hauvuti kitu, kinachoonekana ndani yake ni nta yake wenyewe, na umewaunguza watu.

Nne, kisomo. Kumsomea mtoto Fatiha na Qul-audhu na kumwombea dua ni sunna njema wala hakuna ubaya wowote. Lakini maji ya kombe yasitiwe sikioni, wala kisomo kisifanywe sababu ya kuacha tabibu. Mtume alisoma dua na pia alitumia dawa.

Tano, tusidhulumu: si kila tiba ngeni ni upuzi. Katika nchi ya Ufini, mwaka 1996, ilitolewa khabari ya watoto 306 waliotafunishwa ubani kila siku kwa miezi 2. Waliopewa ubani wa sukari ya kawaida, katika kila 100 waliugua sikio kama 21. Na waliopewa ubani wa sukari iitwayo zailitoli, waliugua kama 12. Hiyo ni kinga wala si dawa ya sikio lililokwisha kuugua, na mtoto mdogo asiyejua kutafuna huweza kukabwa na ubani. Lakini tazama namna walivyoipima: kundi hili mbele ya kundi lile, kwa hesabu. Hivyo ndivyo dawa ijulikanavyo, si kwa sifa za jirani.

Yaliyo wajibu

Mtoto akiumwa, apewe parasetamoli kwa kipimo cha umri na uzito wake, na kitambaa kikavu chenye vuguvugu kiwekwe nje ya sikio. Usaha ukitoka, apelekwe spitali. Sikio hukaushwa kwa kitambaa laini safi kilichosokotwa kama utambi: hutiwa taratibu, kikilowa hutolewa, hutiwa kingine mpaka sikio likauke, angalau mara 3 kwa siku. Kisichotumike kijiti, wala pamba isiachwe ndani. Tabibu akitoa dawa ya kuua vijidudu, imalizwe siku zake zote, wala isikatwe kwa kuwa mtoto ameanza kucheza. Usaha uliodumu siku 14 au zaidi una dawa yake ya matone, nayo ni ya tabibu kuichagua.

Mtoto asicheleweshwe hata saa moja akiwa chini ya miezi 6, au akiwa na uvimbe nyuma ya sikio, au shingo imekakamaa, au analegea na kutapika. Na akiugua mara 3 katika miezi 6, au mara 4 katika mwaka, aonwe na tabibu wa masikio na apimwe usikivu. Huenda akahitaji kutiwa kibomba kidogo cha kutoa maji.

Na kinga ni bora. Mama anyonyeshe, na Qur'ani imetaja miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza. Mtoto asinyweshwe chupa akiwa amelala chali. Asivutiwe sigara nyumbani, na hili ni letu sisi wanaume kabla ya mtu mwingine. Apewe chanjo zake; na chanjo ya vijidudu vya kichomi, ambavyo pia huugusha masikio, imo katika chanjo za watoto Kenya tangu mwaka 2011, na Tanzania ikafuata.

Mwisho

Enyi wazee na maalim wa vyuo, mkimwona mtoto haitikii, msimpige kwanza. Simama nyuma yake, umwite kwa sauti ndogo. Asipogeuka, mrudishe kwa babake na umwambie amtazame masikio. Huenda kwa neno lako hilo moja akawa msomaji badala ya kuwa bubu, nawe ukaandikiwa ujira wa kila herufi atakayoisoma.

Mwenyezi Mungu awaponye watoto wetu, na atujaalie kuwa wenye kuuliza tusilolijua. Amin. Wabillahi tawfiq.