Kagua Sanduku la Taa Kabla ya Kuliwasha Mara ya Kwanza

Umeme umefika katika mashamba mengi ya makazi, na wakulima wafugao kuku wa mayai wanatia taa mabandani. Jambo hili ni jema. Hapa kwetu mchana ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, lakini kuku atagaye vizuri hutaka mwangaza wa saa 14 hadi 16. Kwa hiyo fundi huweka ukutani sanduku lenye swichi na taima, yaani saa iwashayo taa yenyewe.

Fundi na awe mwenye leseni ya EPRA. Akimaliza kazi, usimruhusu kuwasha papo hapo. Simama naye mkague pamoja.

Kwanza azime swichi kuu iliyo karibu na mita, kisha apime sandukuni kwa tesita. Lakini kabla ya kupima aijaribu tesita yake mahali ajuapo pana umeme, na akisha kupima aijaribu tena pale pale. Mafundi wengine hucheka utaratibu huu. Tesita iliyoharibika huonyesha kila waya kuwa hauna umeme, na umeme wetu ni wa volti 240.

Sasa tazameni ndani. Waya yafaa ziingie kutoka chini, ili maji yasifuate waya hadi ndani, na kila tundu lizibwe. Panya na vumbi la banda hawakawii. Vipande vya shaba vilivyoanguka viondolewe. Fundi avute kila waya polepole: ukitikisika, skrubu haikukazwa, na hapo ndipo joto huanza na moto hufuata.

Tazameni pia namba iliyo kwenye swichi ijikatayo yenyewe. Taa 10 za wati 10 ni wati 100, yaani hazifiki hata nusu ya ampea moja. Kwa waya wa taa wa milimita mraba 1.5, swichi ya ampea 6 yatosha. Ukiona 32, kataa. Waya utaungua kabla swichi hiyo haijakata.

Jambo kubwa kuliko yote ni hili. Swichi ya taa lazima ikate waya wa kahawia, ambao katika nyumba za zamani ni mwekundu. Ikikata wa bluu, taa itazimika kweli, lakini umeme utabaki pale pale penye taa. Mama au mtoto apanguse taa kwa kitambaa kibichi akidhani imezimwa, naye atakufa. Kwa macho taa hizo mbili hazina tofauti. Mwambie fundi apime mbele yako. Waya wa kijani na manjano, ambao ni wa ardhi, ufungwe kwenye sanduku la chuma na kila taa ya chuma.

Akitaka kupima waya kwa kipimo cha volti 500, aondoe kwanza taa na taima, la sivyo huenda zikaharibika. Asome megaohm 1 au zaidi.

Mkiridhika, fungeni kifuniko. Mikono iwe mikavu na viatu miguuni. Washeni swichi kuu, halafu mbonyeze kitufe cha majaribio cha kikatizi cha milimpea 30. Kisipokata mara moja, kibadilishwe. Kisha washeni taa moja moja. Swichi ikijikata, msiirudishe kwa nguvu, tafuteni sababu. Mkisikia mvumo au harufu ya kuungua, zimeni.

Mwisho ni taima. Wengi hukosea hapa, kwa maana saa yake huhesabiwa kwa Kizungu. Ukitaka taa ziwake saa 10 alfajiri, weka 4:00, uzizime 7:00 kunapokucha vizuri. Ukiweka 10:00, zitawaka saa 4 asubuhi jua likiwa juu, na bili utailipa vile vile.