ELIMU KWA UMMA: Kabla Hujalipia Tovuti, Jua Unapanga Wapi



Miezi michache iliyopita, kikundi cha akina mama wanaosaga na kufungasha unga wa lishe kilifika katika dawati letu la habari kikiwa na mfuko mmoja wa unga na swali moja. Juu ya mfuko ilichapishwa anwani ya tovuti yao, lakini tovuti hiyo ilikuwa haifunguki tena. Fundi aliyewatengenezea alisajili jina la tovuti kwa jina lake na kwa barua pepe yake mwenyewe. Muda wa malipo ulipokwisha, taarifa ya kukumbushwa ilimwendea yeye, naye alikwisha kuhamia mkoani na kubadili namba ya simu. Mifuko yote iliyokwisha kuchapishwa ilibaki stoo, ikiwaelekeza wateja kwenye mlango uliofungwa.

Tumeona ni wajibu wetu kuandaa somo hili, hasa kwa vikundi vinavyonufaika na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha hiyo hurejeshwa, tovuti ifunguke au isifunguke.

Jina ni kitu kimoja, chumba ni kingine

Tovuti inahitaji vitu viwili. Cha kwanza ni jina la kikoa, yaani anwani ambayo mteja anaiandika kwenye simu yake. Kwa hapa nchini majina huishia na .tz: biashara hutumia co.tz, asasi or.tz na shule sc.tz, wakati go.tz ni ya taasisi za Serikali pekee. Cha pili ni seva, yaani kompyuta isiyozimwa ambamo kurasa na picha za tovuti hukaa. Jina hulipiwa kwa kawaida kila mwaka, na nafasi kwenye seva hulipiwa kwa mwezi au kwa mwaka. Muda wa kimoja ukipita bila kulipiwa, tovuti haionekani, hata kama kingine kimelipiwa.

Aina nne za kupanga

Tuchukue mfano wa Soko la Tandale, ambalo kila mmoja wetu analijua.

Kwanza, seva ya pamoja. Hii ni sawa na kupanga kizimba sokoni. Wafanyabiashara wengi mpo chini ya paa moja na mnatumia njia moja. Ndiyo nafuu kuliko nyingine za kulipia, na matengenezo ya paa si kazi yako. Kasoro yake ni kwamba jirani akijaza magunia njiani, wateja wako nao hukwama: tovuti ya jirani ikitembelewa na watu wengi kwa wakati mmoja, yako inaweza kuwa nzito.

Pili, seva pepe. Hii ni fremu. Jengo bado ni la pamoja, lakini una ukuta wako, mlango wako na kiasi chako maalumu cha nguvu za kompyuta. Jambo ambalo wengi hawaelezwi ni kwamba usafi na ulinzi wa ndani ya fremu kwa kawaida ni kazi ya mpangaji. Asiye na fundi wa kusasisha programu mara kwa mara anaacha dirisha wazi kwa wezi.

Tatu, seva kamili. Hii ni ghala zima kwa ajili yako peke yako. Inafaa benki, hospitali kubwa au kampuni yenye wataalamu wake. Kikundi cha watu kumi hakina cha kuweka humo.

Nne, huduma ya wingu. Hapa tovuti hutumia nguvu za kompyuta nyingi kwa pamoja, na nafasi huongezwa au kupunguzwa kwa kadiri ya mahitaji. Malipo yake mara nyingi si kama LUKU, inayokata salio linapokwisha. Ni kama bili ya maji, inayokuja baada ya matumizi. Bomba likivuja usiku bila wewe kujua, bili utaiona mwisho wa mwezi. Anayechagua aina hii aweke ukomo wa matumizi au tahadhari ya malipo tangu siku ya kwanza.

Ushauri wetu ni huu: kikundi kinachotaka kuonyesha bidhaa, bei na namba ya simu kinatoshwa na seva ya pamoja. Anayepokea oda na malipo mengi kwa siku, na aliye na fundi wa uhakika, afikirie seva pepe au wingu. Na yule ambaye wateja wake wote wapo mtaani kwake, asione aibu kuanza na ukurasa wa bure wa mitandao ya kijamii hadi biashara ikue.

Seva ipo wapi?

Jina linaloishia na .tz halimaanishi kwamba seva ipo Tanzania. Wapo wauzaji wa hapa nchini wanaouza nafasi kwenye seva za nje. Mwulize muuzaji swali hili waziwazi. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ilidorora nchini na katika nchi jirani. Katika hali kama hiyo, tovuti iliyopo ng'ambo ni vigumu kufikiwa na mteja wa Manzese, ilhali iliyopo ndani ya nchi ina nafasi kubwa zaidi ya kumfikia. Vituo vya kuhifadhi data vipo hapa hapa nchini, kikiwemo Kituo cha Taifa kilichopo Kijitonyama.

Aidha, tovuti inayokusanya majina na namba za simu za wateja inaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo inadai usajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na inaweka masharti ya kusafirisha taarifa hizo nje ya nchi.

Ufunguo ukae kwa mwenye mali

Aina yoyote utakayochagua, usilipe kabla ya kuthibitisha mambo haya:

1. Jina la kikoa limesajiliwa kwa jina la kikundi, si la fundi.
2. Barua pepe ya usajili ni ya kikundi, na viongozi wasiopungua wawili wanaweza kuifungua.
3. Nywila zote zimekabidhiwa kwa maandishi na kuhifadhiwa pamoja na katiba ya kikundi.
4. Bei ya mwaka wa pili imetajwa; punguzo nyingi huishia mwaka wa kwanza.
5. Nakala rudufu ya tovuti inatolewa kila mwezi na kuwekwa mahali pengine.

Kuhusu nakala, Tandale ina mfano wake. Mwaka 2011, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi wa kata hii walipita mitaa yote, Kwa Tumbo, Mtogole, Mkunduge, Pakacha, Muhalitani na Sokoni, wakichora ramani kwa vifaa vya GPS. Kazi hiyo iliwekwa kwenye OpenStreetMap, ambako yeyote anaweza kuipakua na kubaki na nakala yake. Kwa sababu hiyo, uhai wa ramani yetu hautegemei fundi mmoja wala nywila moja.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tovuti nayo ni mali. Kikundi kinachotarajia kulipia tovuti kwa fedha za mkopo kifike na rasimu ya mkataba kwa Afisa Maendeleo ya Jamii katika Ofisi ya Kata, aipitie pamoja nanyi kabla ya kusaini.