SOMO LA AFYA: PRESHA YA MACHO NA JINSI YA KULALA

Mwezi huu tujifunze juu ya presha ya macho, ambayo waganga huiita glakoma. Si ugonjwa wa kigeni. Uchunguzi wa vijiji vya Kongwa, Dodoma, uliotangazwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba katika kila watu 100 waliotimiza miaka 40, karibu 4 walikuwa nao. Kwa kawaida hauumi. Huanza kwa kula uwezo wa kuona pembeni, mtu akadhani ahitaji miwani tu, na kilichopotea hakirudi.

Tuitazame mifereji yetu ya mboga hapa Lushoto. Maji yakiziba kule yanakotokea, hujaa. Ndani ya jicho pia mna maji, yanayotengenezwa usiku na mchana na kutoka polepole hadi kwenye mishipa ya damu. Tukiketi, damu hushuka kutoka kichwani kwa urahisi. Tukilala, mishipa hiyo hujaa, maji ya jicho yakachelewa kutoka, presha ikapanda. Ndiyo maana mgonjwa aweza kupimwa mchana ameketi, akaambiwa presha ni nzuri, kumbe usiku ni mambo mengine.

Basi tulaleje? Chali ni afadhali kuliko kifudifudi. Tukilala ubavu, jicho la chini ndilo hupanda presha zaidi; kwa hiyo jicho lililo bovu zaidi lisilaliwe, wala lisigandamizwe na mkono au mto. Tunajua, kwa baridi ya Magamba kila mtu hujikunja ubavu tangu utoto! Mgonjwa ajaribu kadiri awezavyo.

Huko Toronto, Kanada, mwaka 2010, wagonjwa walilazwa sehemu ya juu ya mwili imeinuliwa nyuzi 30. Presha ilipungua kwa wastani wa milimita 3 hivi za zebaki. Na kipimo cha kawaida ni kati ya 10 na 21, hivyo 3 si haba. Lakini msirundike mito. Shingo ikipinda, mishipa yake hubanwa, na faida yote hupotea. Inueni godoro kuanzia kiunoni, shingo inyooke.

Tunao wazee walioacha dawa ya matone kwa kuwa hawasikii maumivu. Kitanda hakishiki nafasi ya matone hata kidogo. Na watoto na ndugu wa mgonjwa wapimwe macho, hata wanaoona vizuri. Wanaohitaji matibabu makubwa hupelekwa KCMC, Moshi.