Wi-Fi Imejaa, Intaneti Hakuna: Maswali ya Watumiaji wa Mtandao wa Chuo

Mbona simu inaonyesha Wi-Fi imejaa, lakini kurasa hazifunguki?
Huenda kifaa kimeshika mawimbi bila kupata anwani ya IP, yaani namba inayokitambulisha mtandaoni. Anwani hizo hugawiwa na seva ya DHCP, kompyuta yenye kazi hiyo. Kompyuta yako ikionyesha anwani inayoanza na 169.254, ujue imejipa yenyewe baada ya kukosa jibu la seva.

Kwani anwani huisha?
Huisha. Fungu lililozoeleka, /24, lina anwani 254 tu. Ukumbini wakiwemo watu 300, kila mmoja ana simu na kompyuta mpakato, zinahitajika 600. Hapo fundi hutenga fungu la /22, lenye anwani 1,022.

Nikiondoka, anwani yangu huenda wapi?
Anwani huazimwa kwa muda maalumu. Ikiazimwa kwa siku 8, aliyepita getini dakika 10 ataishikilia zaidi ya wiki. Kwenye Wi-Fi yenye watu wengi huazimwa kwa saa chache. Kifaa kilichopo huomba nyongeza nusu ya muda ikifika, nawe hukatiki.

Ni kweli seva hii husoma ujumbe wetu?
Hofu hiyo inaeleweka, ila kazi ya DHCP ni kugawa anwani tu. Huweka kumbukumbu za kifaa kipi kilipewa anwani ipi, na saa ngapi. Kwa Tanzania, taarifa zinazoweza kumtambulisha mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na una haki ya kuuliza zinatumikaje.

Naweza kuchomeka ruta yangu bwenini?
Omba idhini kwanza. Ruta ya nyumbani nayo hugawa anwani, hivyo yaweza kuwapoteza njia majirani zako. Mwenye nia mbaya anaweza kutumia mwanya huohuo kupitisha mawasiliano ya wengine kwake.

Nikikosa anwani, nifanyeje?
Zima Wi-Fi ya kifaa, subiri kidogo, kisha uwashe. Usijiandikie anwani kwa mkono, kwani yaweza kugongana na ya mwenzako. Ikishindikana, lijulishe dawati la TEHAMA jengo na saa ya tatizo. Nywila yako usimpe yeyote, hata fundi.